Kopo la Hewa

Kila muuzaji anapochana mfuko kunitolea jaketi jipya, kwenye maduka ya jumla ya Zhanxi, harufu ya nailoni hunirudisha kwenye ndege iliyotupeleka kuteleza kwenye theluji.

Baba alikuwa akinunua nguo hapa Guangzhou na kuzisafirisha Dar. Siku ile sote tulivaa majaketi ya Zhanxi. Ndege haikushuka sana. Milima ndiyo iliyotupandia, myeupe, hadi ikawa sawa na dirisha langu. Pakiti yangu ya biskuti ilivimba mapajani kama chura.

"Baba watoto, midomo yako imebadilika rangi," mama alisema tuliposhuka.

"Baridi tu hiyo."

Karibu na mlango wa uwanja wa ndege, mwanamke aliuza makopo ya oksijeni, maana huko juu hewa ilikuwa haba. Mama akamsihi baba anunue moja. Baba aliuliza bei, akacheka, akataja nusu yake. Mwanamke akatikisa kichwa. Basi baba akanishika mkono, tukaondoka polepole, kama tulivyozoea Zhanxi, ambako hatukuwahi kumaliza hatua kumi bila kuitwa turudi.

"Usigeuke," alininong'oneza. "Atatuita."

Sikugeuka. Nilihesabu hatua. Kifua chake kilipiga mluzi, na mkono wake ulizidi kulemea mkononi mwangu. Nilifika ishirini bila kuitwa, na mkono wake ukaniponyoka.

Sasa muuzaji anabonyeza bei kwenye kalkuleta, ananigeuzia nione, anangoja nibishe. Namlipa hiyo hiyo.