Hapa Tuko Wawili

Ukiingia ukumbi wa mtaa wetu siku hizi, rafiki yangu, usitafute viti vya harusi wala ile meza ya draftsi iliyotulea. Wametundika mchoro. Mchoro wenyewe ni mkubwa kuliko chumba nilichozaliwa, na hapo sijatia chumvi, ingawa unajua napenda chumvi. Mahali pa nyumba zetu za mawe, zile za chumba kimoja kimoja zilizopangwa laini kwa laini, yamesimama maghorofa ya rangi ya maziwa, marefu hadi shingo inauma kwa kuyatazama kwenye karatasi tu. Chini yake wamechora miti ambayo haijapandwa, na watu wembamba wanaotembeza mbwa. Mama alinivuta shati akaniuliza hao watu ni wa mtaa gani. Nikamwambia ndio sisi, tukishahamia. Akawatazama tena, akasema basi njaa itakuwa imetupata sawasawa.

Nilikuwa nimeitwa. Mimi naishi mtaa wa Mowlem, lakini Mama hajawahi kuhama hapa, kando ya barabara ya Jogoo. Yuko katika chumba kilekile alicholetwa akiwa bibi harusi, pamoja na dada yangu na watoto wanne wa dada yangu. Baba alitutoka miaka kadhaa iliyopita. Mama alinipigia simu akasema watu wa mpango wanakuja kuhesabu Jumamosi, na mimi ndiye msomi wa ukoo. Usomi wangu ni huu: kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu.

Pale ukumbini maneno yalikuwa machache na mazito. Kila nyumba itahesabiwa watu wake mara moja tu. Nyumba yenye watu wawili itapewa chumba kimoja juu huko. Yenye watu sita, vyumba vitatu. Asiyeandikwa Jumamosi asije kulia baadaye. Tukarudi kwa Mama tukiwa tumechoka, maana hii ni mara ya tatu au ya mia kuambiwa tutajengewa, na kila mara matumaini hayo yamekuwa mzigo wa kubeba juu ya mizigo mingine.

Jumamosi hiyo tulikaa tukingoja. Mama alichemsha chai ya turungi yenye tangawizi, dada akaleta mandazi kutoka kwa jirani wa nyumba ya kwanza kwenye laini yetu. Yule jirani, Mungu amweke, alikuwa akikaanga mandazi nikiwa sijaota meno na bado anakaanga, japo macho yake sasa yanaona kivuli tu. Niliuma lile andazi la kwanza na iliki ikanipanda puani. Nikawa na miaka minane.

Tulikuwa kumi na mmoja ndani ya chumba hicho. Nihesabie: Baba, fundi wa reli; Mama; sisi watoto watano; binamu wawili waliokuja kusoma; mjomba aliyekuja kutafuta kazi na akaitafuta kwa utaratibu sana; na Nyanya, mama yake Baba, aliyetoka magharibi kuja kutibiwa jicho kwa wiki moja, akakaa miaka kumi na minane. Pazia la maua liligawa chumba. Upande huu wazee, upande ule taifa. Usiku mtu akitaka kugeuka ilibidi atangaze, tugeuke wote kwa pamoja kama askari wa gwaride. Wa mwisho ukutani aliamka na alama za mawe shavuni.

Lakini chakula, ndugu yangu! Nyanya alisonga ugali kwa mwiko mrefu kama kasia, miguu imepanuliwa, sufuria imebanwa kwa kanyagio mbili za chuma alizotengeneza Baba. Mrenda aliupika na kunde, ukivuta tonge linakuja na uzi mrefu unaofika nyumba ya pili. Omena walikaangwa hadi paka wa mtaa wote wakaanza kuhudhuria kama washirika wa kanisa. Jioni king'ora cha karakana kililia, na dakika ishirini baadaye Baba alitokea akinuka grisi na sabuni ya kipande. Mtu mgeni akiuliza mko wangapi, Nyanya alikuwa na jibu moja: "Watu hawahesabiwi. Watu wanapakuliwa."

Na alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Kitabu cha nyumba kilisema tuko wawili. Baba alipopewa chumba alikuwa na mke tu, na hayo ndiyo yaliyoandikwa. Kuongeza watu kulihitaji ruhusa, na ruhusa ilihitaji mtu kukiri kwamba watu wameshaongezeka. Mkaguzi wa nyumba alikuja bila taarifa, juu ya baiskeli nyeusi, faili kwapani, kaptula ya kaki imepigwa pasi hadi inaweza kukata mkate. Familia moja ya mwisho wa laini ilikutwa imezidi. Kesho yake kitanda chao kilikuwa nje kwenye mvua, na mtoto wao mdogo amekaa juu yake akiwa na mwavuli. Kitanda kile kililala katika ndoto za mtaa mzima.

Ndipo sheria yetu ilipotungwa. Jirani wa mandazi ndiye aliyeona baiskeli kwanza, kwa kuwa alikaa mwanzoni mwa laini. Alipiga mfuniko wa sufuria kwa mwiko, pigo moja tu: paa! Hapo sekunde kumi hazikuisha. Magodoro yalikunjwa, sahani zikaingia uvunguni, na watoto wa laini nzima wakaruka ukuta wa nyuma kama panzi, tukajibanza kati ya ukuta na ua wa kayaba. Miiba ya kayaba ilitujua kwa majina. Tuliambiwa tusiitike mtu yeyote, hata akituita kwa jina, hata akiahidi soda. Tulingoja mapigo matatu tu. Mapigo matatu yalimaanisha baiskeli imeondoka, rudini mle.

Nyanya hakuweza kuruka. Yeye alichukua beseni na shuka moja, akaenda kukaa kwenye mfereji wa maji wa laini, akafua. Kama mtu aliyeajiriwa. Mkaguzi alimpita akimwambia "Pole na kazi, mama," naye akajibu kichwa kimeinama. Shuka lile alilifua hata siku lilipokuwa safi, alilifua miaka yote hiyo, hadi likawa jembamba kiasi kwamba ungeweza kusoma gazeti kupitia hapo. Sikuwahi kumsikia akilalamika. Jioni mikono yake ilikuwa imekunjamana, naye akaipasha kwenye jiko la makaa pole pole, akiigeuza kama mahindi.

Siku moja mkaguzi alifika ugali ukiwa mezani. Mlima mzima, unafuka moshi, na Mama amesimama peke yake kando yake.

"Mko wangapi hapa?"

"Hapa tuko wawili."

Akautazama ugali. Akauzunguka. "Wa watu wawili?"

"Mume wangu ni mtu wa reli," Mama akasema.

Yule bwana alitikisa kichwa akasema kweli reli ni kazi ngumu, akatoka akiruka jozi tisa za kandambili mlangoni. Zamani tulicheka hadi machozi kwa kuwa tulimdanganya. Siku hizi nadhani alihesabu zile kandambili vizuri sana.

Basi, hapo ndipo nilipokuwa, katikati ya andazi na miaka minane, Jumamosi hiyo saa nne asubuhi, jirani yetu mwenye macho ya kivuli alipoona kivuli chenye kitu kama faili kikiingia laini.

Paa!

Rafiki yangu, nilizinduka niko nyuma ya ukuta. Mimi, mwenye tumbo hili. Suruali imepasuka, goti linavuja damu, andazi bado liko mkononi. Na sikuwa peke yangu. Mwenye duka alikuwa hapo. Shemasi wa kanisa alikuwa hapo na koti lake la Jumapili, maana alijiandaa kuhesabiwa kwa heshima. Watoto wa dada yangu walikuwa wamejipanga wote wanne wakiwa wamechuchumaa, kimya kama mawe. Kumbe bibi yao aliwafundisha, kama mchezo, mvua ikinyesha na hakuna la kufanya. Kayaba yenyewe hakuna tena, imekatwa. Mahali pake pana vigingi vyenye utepe mwekundu. Tulikuwa tumejificha mbele ya dunia nzima.

Kupitia dirisha dogo la nyuma nilisikia sauti ya karani. Alikuwa msichana mchangamfu, koti la kung'aa, mashine bapa ya kubonyeza mkononi.

"Shosh, niaje? Hapa mko wangapi?"

"Hapa tuko wawili," Mama akasema.

"Wewe na nani?"

"Na mzee."

"Ako wapi sasa?"

"Ameenda kazini. Reli."

Sikujua kama nicheke. Vyumba vitatu vilikuwa vinaondoka hapo hapo kwa mdomo wa mama yangu, dada yangu na watoto wanne wakibaki bila pa kulala, na bado kitu ndani yangu kilisema: vizuri sana Mama, usitetemeke.

Nilizunguka nikaingia kwa mlango wa mbele nikichechemea. Nikamwambia karani tuko sita, aandike sita. Mama alinitazama jinsi alivyonitazama siku moja tu maishani, nilipomwambia mwalimu kwamba kuku wa mtihani wa sayansi alikuwa wa jirani.

"Huyu simjui," akamwambia karani.

Karani akanitazama mimi, goti, na andazi. Nilichuchumaa mbele ya Mama nikamweleza pole pole. Kwamba hesabu hii si ile. Kwamba hii ndiyo inayotoa vyumba, na anayesema wawili atapewa cha wawili. Kwamba kile kitanda hakitatolewa nje kwa sababu ya watu kuzidi, kitatolewa kwa sababu ya watu kupungua. Mama akashika pindo la pazia, lilelile la maua ambalo sasa maua yake yanakumbukwa tu, akalikunja, akalikunjua.

"Andika kumi na mmoja," akasema.

Akaanza. Baba, wa reli. Watoto watano. Binamu wawili, mmoja alipenda makoko ya ugali. Mjomba. Alitaja kila mmoja na mahali alipolala, akionyesha kwa kidole sakafuni, na kidole chake hakikukosea hata mahali pamoja. Mwisho akasema, "Na mama mkwe wangu. Hapa, karibu na mlango, kwa sababu ya kikohozi."

Karani alikuwa ameacha kubonyeza. "Shosh, pole. Hii mashine haikubali mtu hayuko."

"Hata alipokuwepo haikumkubali."

Msichana wa watu akajifuta paji la uso, akaomba tu, kwa upole, aonyeshwe walioko, apige picha, aendelee. Nikatoka nyuma kuwaita watoto. Niliwaita kwa majina. Hawakutikisika. Niliwaahidi soda. Yule mdogo alifumba macho kabisa ili nisimwone. Shemasi naye, mtu mzima, alitazama pembeni.

Ndipo Mama alipopita kando yangu. Alikuwa na mfuniko mkononi na mwiko wa Nyanya. Akasimama kwenye uwanja mdogo nyuma ya nyumba, akapiga.

Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu.

Walitoka, ndugu yangu. Laini nzima ilitoka. Watoto wakaruka ukuta, mwenye duka akasaidiwa na wawili, shemasi akikung'uta koti kama mtu aliyekuwa akikagua msingi. Kwenye mfereji dada yangu aliinuka, maji yakimtiririka viwikoni. Nilikuwa sijaona kwamba yeye hakuruka ukuta. Alikuwa amechukua beseni. Mama alimtazama huyo mwanawe akija na beseni kiunoni, akaendelea kuutazama ule mfereji hata alipokuwa ameshapita, mfuniko ukiwa bado juu.

Watu sita. Picha zikapigwa. Vyumba vitatu, Mungu akipenda na mchoro ukipenda. Karani akaenda mlango wa pili, wa tatu, na kila mlango watu walitokea wamepasuka nguo.

Tangu hapo nimekuwa nikichoka bila kazi. Nafikiria wapi pa kuweka vitu hivi. Mfereji kwenye mchoro ni maegesho ya magari. Ukuta wa nyuma ni lifti. Jirani wa mandazi ataandikiwa ghorofa, na moshi wa mafuta yake sijui utapewa njia ipi. Ghorofa ya nane mtu haruki ukuta. Wala hapatakuwa na haja ya kuruka, na hilo ni jema, nalisema kwa moyo mmoja, ila moyo wenyewe umechoka kidogo kulisema.

Jana Mama alinipigia. Aliuliza, akishahamia huko juu, akipiga mfuniko, je, utasikika hadi chini?

Nikamwambia utasikika hadi Makadara. Nikamwambia utasikika hadi magharibi, hadi kwenye kaburi la Nyanya.

Unanijua mimi kwa kutia chumvi. Mama naye ananijua. Akasema sawa, akakata simu.