Nimemfungia mwanangu mlango, lawama kampa mtu mwengine

Salamu zenu nyote. Mwenye ukurasa, nnakuomba unisitiri, maana hapa Maskati sisi watu wa Unguja tunajuana. Majina niliyoweka siyo yao. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tatu, Muhindi wa Unguja. Skuli niliishia darasa la saba, nikaolewa na Mgujarati aliyekuwa akifanya kazi huku, akanileta. Mkiona nimekosea kuandika nivumilieni.

Nna mtoto mmoja tu, nimwite Jayesh, ana miaka ishirini na sita. Kazaliwa hapa, kasoma hapa, India kaenda mara tatu maisha yake yote. Ni fundi wa mashine kiwandani Rusayl, na kibali chake cha kukaa kimefungwa na kazi hiyo. Lakini moyo wake uko kwenye biashara. Mimi napika urojo, na kachori zake, bajia, chatini ya nazi. Kila Ijumaa watu wenye asili ya Unguja wanakuja kuchukua kwetu Ansab na mabakuli yao mkononi. Jayesh akaona pana riziki. "Mama, hawa wa maofisini Al Khuwair wanatoka saa nane na njaa zao. Tukiwa karibu nao hatukosi." Na siku hizi mambo yamefunguka, mgeni anaweza kuandikisha kampuni kwa jina lake mwenyewe. Alikuwa keshauliza, keshajaza na fomu. Kilichobaki ni pahala.

Pahala akapata kwa Bi Salma. Huyu ni shoga yangu wa miaka mingi, Muomani aliyezaliwa Unguja kama mimi, Jayesh humwita khaloo, yaani mama mdogo, ana nyumba Al Khuwair na chini pana duka tupu. Alimwambia, "Chukua mwanangu. Miezi mitatu ya mwanzo usinipe kitu, nipe urojo tu." Mwanawe Nassor, aliyekua pamoja na wangu, akamtania: "We Muhindi, unataka kutuuzia urojo sisi Wazanzibari?" Jayesh akamrudishia, "Kachori za nani? Bibi yangu ndiye aliyekufunzeni kula!" Tulicheka sote. Mimi nilicheka nao, lakini duka lile sikulitaka.

Maana zamani mume wangu alikuwa na duka la vitambaa, limeandikwa jina la mwenyeji, ndivyo sheria ilivyokuwa kwa wageni. Yule bwana alikuwa mtu mwema. Alipofariki, warithi wake wakaja wakabadilisha kufuli. Mume wangu alirudi nyumbani na mkasi na futi yake ya kupimia, basi. Tangu siku ile nikisikia neno biashara nakumbuka kufuli lile. Nikajisemea, Jayesh akiacha kazi, na duka likafa, na kibali kimekwenda, mwanangu ataondoka nchini, sisi wazee wake tutabaki na nani?

Asubuhi moja nikapanda teksi peke yangu mpaka kwa Bi Salma. Nikamwambia, "Shoga, usimpe."

"Nisimpe? Mtoto nshampa ahadi!"

"Mwambie umebadilisha. Mwambie unampa jamaa yako. Nakuomba kwa tumbo nililomzalia."

Bi Salma akasema, "Unantia kwenye uongo, na uongo hauzeeki." Nikalia pale sebuleni kwake. Mwisho akasema, "Haya. Mtoto ni wako."

Siku aliyoambiwa, Jayesh aliingia jikoni na viatu vyake. "Khaloo Salma kampa mtu wao. Miaka yote mimi ni mwanangu, mwanangu. Lilipokuja duka ndiyo nimekuwa Muhindi." Nilikuwa nachuja ukwaju. Ningeweza kusema pale pale. Nikamwambia, "Kula kwanza, baba."

Akatafuta kwengine. Huku wanataka kodi ya mwaka mzima, huku wanataka mdhamini, huku wamechukua namba, watampigia. Hakuna aliyempigia. Nassor naye akipiga, mwanangu hapokei, mpaka leo hawasemezani. Siku ya Idi, Bi Salma alituletea halua kama ada yake, Jayesh akaisukuma sahani. Na yule mama wa watu yote anayajua, ananyamaza kwa ajili yangu.

Sasa kazi ameacha. Tiketi yake ni ya Jumamosi ijayo, anakwenda Ahmedabad, India, kwa binamu yake wauze vipuri vya simu. Kile nilichokikimbia nimekileta mwenyewe. "Kule angalau nitakuwa Muhindi kati ya Wahindi," kaniambia. Na Kigujarati chenyewe anakisema kwa kukwama, akikasirika anatukana kwa Kiswahili.

Juzi nafagia chumbani kwake nikakuta kibao cha duka nyuma ya kabati, kimefungwa gazeti. Kimeandikwa jina langu la utotoni, nililomsimulia mara moja tu, chini yake "Urojo wa Unguja". Kumbe alikichapisha zamani, hata duka hajapata. Nikakifunga tena vile vile. Nikampigia Bi Salma, nalia. Akanambia, "Duka sijampa mtu, ufunguo uko kwenye droo yangu. Nimekubali kuwa mbaya kwa mtoto huyu, lakini siyo mpaka kaburini. Mwambie."

Wenzangu, nikimwambia pengine atabaki, lakini ataniangalia kwa jicho gani? Baba yake naye hajui, na yeye ndiye aliyefungiwa duka lake na watu, leo asikie mkewe kamfungia mwanawe? Nisipomwambia, mwanangu atapanda ndege akiamini aliyemwita khaloo tangu utotoni kamkataa kwa asili yake. Mbaya ni mimi, na ubaya wangu nimembebesha mwengine.

Nishaurini, hasa nyinyi vijana. Angekuwa mama yako, ungetaka kujua? Nifanye nini? Siku zinakwisha, na kila nikiufungua mdomo nimwambie, najisikia nasema "kula kwanza, baba."