Posa Yangu kwa Kiswahili cha Kambi

Nilizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa reli, Elisabethville, Kongo, na Kiswahili cha kambi ndicho kilichonilea. Baba yangu, mtu wa Pweto, mji wa wavuvi kando ya ziwa, aliyefanya kazi ya reli, hakukiheshimu hata kidogo. Alikuwa na sababu. Alikipokea kinywani mwa msimamizi Mzungu, nacho kilimjia na vitenzi vitupu: leta, beba, fanya mbio, apana sema. Sentensi nzima ilikuwa amri na kidole kilichonyooshwa.

"Ile luga haina kuomba," alituambia. "Iko na kutuma tu."

Alichokataa kuona ni kwamba mama zetu na sisi watoto tulikuwa tumekishona upya. Mtu mmoja wa heshima tulimsema kana kwamba ni wengi: baba banakuya, yaani wanakuja, mama balisema. Amri tuliitia ko mwishoni, ikalainika: unipeko maji, unisaidieko. Badala ya ndiyo tulisema njo. Msimamizi hakutufundisha hayo. Tuliyatoa kwenye lugha za nyumbani, kila kabila na chake, tukayachanganya pale bombani tukisubiri ndoo zijae. Nilijivunia lugha hiyo, na bado najivunia.

Basi nikampenda kijana Mluba wa kaskazini, fundi wa karakana ya reli, ambaye tuliimba naye kanisani. Kwao hawakujua lugha ya Pweto, na baba hakujua Kiluba. Baba akatangaza kwamba posa ya binti yake haitasemwa kwa lugha ya kutumwa. Wageni waje, viti watapata, lakini kwa Kiswahili hatawajibu. Kwa desturi yetu, mwenye nyumba asipomjibu mshenga, posa imekufa palepale.

Mama alimsihi, akaambulia patupu. Mimi nilikasirika hata chakula kikanishinda, maana hiyo lugha ya kutumwa ndiyo niliyokuwa nayo. Ya Pweto niliijua kwa kuokoteza. Baba akiniuliza jambo kwa lugha hiyo, nilijibu maneno mawili matatu, kisha nikaangalia chini.

Walikuja Jumapili baada ya misa. Mshenga wao, mjomba wa kijana, alianza kwa adabu zote. "Baba, tunaomba mutusikilizeko." Baba kimya. Akarudia. Baba akatazama ukuta. Nyuma ya pazia, mimi na mama tulikuwa tukichungulia.

Lakini mshenga naye alikuwa mtu wa reli, na alijua desturi moja ambayo hakuna mtu wa reli aliyeweza kuikwepa. Kazini makabila yalitaniana kutwa. Ukitaniwa hununi wala hunyamazi. Unajibu papo hapo, kwa lugha ileile uliyotaniwa nayo, la sivyo umeshindwa mbele za watu. Akanusa hewa, akawageukia wenzake.

"Shiye hatukuuliza njia. Samaki ya Pweto inanuka mpaka ku gare ya treni. Pua njo ilituleta."

Baba alijikaza kidogo tu. "Samaki yetu inakaukaka," akasema. "Kinywa ya Baluba njo haikauke hata siku moja."

Mama akanibana mkono. Mshenga akarusha jingine, baba akarudisha, na watu wakacheka mpaka machozi. Baba alizungusha maneno, akatia kisa ndani ya kisa, akalainisha vitenzi kwa ko yetu ya bombani, akamwita mgeni kwa wingi wa heshima, wala mwenyewe hakugundua. Aliyosema hayawezekani kwa Kiswahili aliyafanya yote, tena kwa raha zake. Nyuma ya pazia nilitaka kupiga vigelegele.

Kicheko kilipopoa, mshenga alishuka kitini, akapiga magoti, akaleta posa rasmi. Baba alikwisha kumjibu kwa Kiswahili mbele za watu, hangeweza tena kurudi kutazama ukuta. Akamjibu kwa Kiswahili, kwa sentensi ndefu, tulivu, nzuri kuliko zote nilizowahi kumsikia.

Kisha akaniita, kwa kuwa binti lazima aulizwe mbele ya wote. Jibu nilikuwa nimelikariri kwa lugha ya Pweto, maneno machache, na tayari yalikuwa yananiponyoka. Baba akaniona nikiyatafuta.

"Mutoto yangu," akasema, "bale bantu tubapokee?"

Nikapiga magoti. Maneno yakaja yenyewe.

"Baba, mubapokeeko. Miye nilimuchagua mwenyewe, hakuna muntu alinisukuma. Mukikatala, nitabakia mutoto yenu na nitabapikia bukari kila siku. Lakini roho yangu itakuwa imeshakwenda kwabo, na mutakuwa munakula na muntu nusu. Njo maana ninabaomba, baba. Sibatume. Ninabaomba."

Nilisema mpaka mwisho bila kutafuta neno hata moja, na sikuangalia chini. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Akanyoosha mkono, akaniwekea kichwani kunibariki mbele ya wageni wote.

"Sasa njo nilikusikia," akasema.