Kibanda Chetu cha Makuti, Changamwe

Mume wangu alipoandikwa ukuli bandarini, tulipewa chumba katika nyumba ndefu za wafanyakazi kule Changamwe, zilizoezekwa mabati. Mimi nimezaliwa Rabai, nimelelewa chini ya makuti. Kaskazi ilipoingia na joto lake, chumba kile kikawa tanuri. Basi nikapanga siku yangu upya: nachota maji na kupika kabla hakujapambazuka, nafua jua lingali changa, na adhuhuri natoka nje na mtoto. Mume wangu akanijengea kibanda cha makuti kando ya mlango, na majirani wakawa waleta mikeka yao humo.

Siku moja, saa saba ya mchana, msimamizi wa nyumba, Mzungu aliyefika karibuni, akatukuta tumejilaza. Hata salamu hakutoa. Alinena na mnyapara wake, naye akatufasiria: "Bwana asema nyinyi ni wavivu. Na makuti haya ni uchafu, yatoke."

Wavivu! Sisi tulioamka yeye angali ndani ya chandarua! Siku ile ile wakakibomoa kibanda, wakayachoma makuti.

Kufikia kesho yake mtoto alikuwa amejaa harara mwili mzima, analia hadi sauti imemkauka. Sikumngoja mume wangu. Nilimbeba mtoto mgongoni, nikatwaa mkeka.

"Waenda wapi na jua hili?" akaniuliza jirani yangu, mama wa Kijaluo.

"Kutafuta kivuli. Changu wamekichoma."

Akachukua mkeka wake akanifuata, na wengine nyuma yake. Tukatandika kwenye baraza ya msimamizi, pana, yenye upepo mzuri.

Mnyapara akatoka mbio. "Ondokeni, mama! Bwana amelala!"

"Amelala?" nikasema. "Mchana huu?"

Wenzangu wakaangua kicheko. Msimamizi akachungulia, shati wazi, macho mekundu ya usingizi. Alimtazama mtoto, akamnong'oneza mnyapara neno, akafunga mlango.

"Jengeni," mnyapara akasema, akitazama chini. "Lakini mjue hiyo ni hisani ya bwana."

Hisani! Kwa miti yetu na makuti yetu! Tulijenga, mtoto akapona. Lakini hadi leo, nikisikia mtu akituita sisi wa pwani wavivu kwa kupumzika adhuhuri, damu hunichemka.