Do Niliyoishusha

Kwaya yetu ya vijana inaimba kwa nota za do re mi, zile zinazoandikwa kwa herufi. Juu ya karatasi huwa pameandikwa do ianzie wapi, lakini sijawahi kumwona mtu akipaangalia. Mwalimu wa kwaya anaitoa kwa mdomo. Soprano wakilalamika kwamba iko juu, anashusha. Besi wakinung'unika, anapandisha kidogo. Wote wakinyamaza, tunaimba. Nimekulia humo tangu kijijini Idodi, sauti ya pili, mstari wa nyuma, mahali ambapo mtu akikosea haonekani. Nayasema haya mwanzoni kwa sababu mtu asiyeyajua atadhani kilichonipata kwenye fidla ni ujinga mtupu.

Nilikuja Iringa mjini kwa ajili ya sekondari. Nakaa Ipogolo kwa shangazi, mdogo wake baba, anayeuza vitunguu na nyanya kando ya barabara kuu. Nasoma shule ya serikali, ya kutwa. Kabla ya hapo fidla nilikuwa naziona kwenye simu za watu, na getini kwa shule moja ya kulipia kule juu mjini, watoto wakishuka kwenye magari na makasha yao mgongoni. Sikuwaonea wivu. Niliona ni mambo yao, kama vile wanavyokuwa na bwawa la kuogelea.

Halafu shule hiyo ikapata mwalimu mpya wa muziki, mwanamke kutoka Mbeya. Sisi wote tunamwita Madam. Alikuta fidla za zamani zimekaa stoo bila kazi, akaziomba, akatafuta ukumbi wa usharika na kufungua darasa la Jumamosi kwa wanafunzi wa shule za serikali, bure. Alipita kwenye kwaya yetu kutangaza, akauliza nani anataka. Mimi niliangalia chini. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyenitaja. Kama angeningoja nijitaje, ningekuwa bado naangalia chini hadi leo.

Fidla zilikuwa chache kuliko sisi, kwa hiyo tulikuwa wawili wawili kwa fidla moja. Mwenzangu alikuwa mvulana wa Kisukuma. Wazazi wake walihama na ng'ombe wao kutoka kaskazini wakaweka makazi bonde la Usangu, na yeye anakaa bweni hapa mjini. Anaongea sana, na kwa upande wangu hilo lilikuwa afadhali, maana aliongea kwa niaba yetu wote wawili. Siku ya kwanza nilipovuta upinde alisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa kama daktari, akasema, "Huyo ni ndama. Kapotezana na mama yake." Darasa zima likacheka, Madam naye. Kuanzia hapo nikawa Ndama.

Kipindi cha kwanza tulijifunza kushika, kuvuta, na kusoma nota za kwenye mistari mitano. Hizi za mistari zilinichosha. Kila tuliyetoka kwaya alikuwa anaandika do re mi kwa penseli chini yake, kisha anasoma penseli. Madam alijua, akasema penseli haina shida mwanzoni, ila mwisho wa muhula kila mtu atapiga peke yake kipande kipya kutoka kwenye karatasi. Atakayeweza atakaa na fidla likizo yote ya Juni na kuendelea na masomo. Asiyeweza atangoja darasa jipya la mwakani.

Kwangu jambo hilo lilikuwa zito kuliko lilivyosikika. Juni ni mavuno. Baba alishasema shule ikifungwa nirudi Idodi kuvuna mahindi, na alikuwa na haki, wadogo zangu ni wadogo kweli. Shangazi alinisimamia kwa masharti. Nikipewa fidla, atampigia baba simu nibaki. Nisipopewa, nipande basi na asisikie maneno. Nilitaka kubaki. Sikumwambia mtu jinsi nilivyotaka.

Kipande tulipewa Jumamosi moja kabla ya mtihani, na wiki hiyo tukagawana fidla, siku zangu na siku zake. Niliandika penseli yangu vizuri kabisa. Nilipoanza kupiga nikakuta nota za juu zinaangukia kwenye uzi mwembamba wa mwisho, na uzi ule unapiga kelele. Tunaishi nyumba ya kupanga, vyumba vinatazamana, kila mtu anasikia kijiko cha mwenzake kikianguka. Nikafanya kile ambacho kwaya inafanya siku zote. Nilishusha do. Kwenye fidla ni rahisi, unahamia uzi wa jirani ulio chini na vidole vinabaki vilevile. Wimbo ukatoka laini, mzito, hauendi mbali. Nikaupenda. Haikunijia hata mara moja kwamba nimebadilisha kitu. Kwangu wimbo ulikuwa ni ule ule.

Siku ya mtihani Madam alikuja na kijana anayepiga kinanda kanisani, atusindikize. Hilo hatukulitegemea. Msukuma wangu alitangulia. Alipiga kwa nguvu kama anachanja kuni, alikosea hapa na pale, lakini alifika mwisho pamoja na kinanda, akainama kama msanii wa kwenye televisheni. Nikaitwa.

Kijana wa kinanda akaanza, na mimi nikaingia. Sijui nilieleze vipi. Ilikuwa kama watu wawili wanaosoma habari tofauti kwenye kipaza sauti kimoja. Nikaacha. Madam akasema tuanze tena. Tukaanza tena, ikawa vile vile. Nyuma mtu akacheka, mwingine akamwambia anyamaze, na huyo wa kunyamazisha ndiye niliyemwonea aibu zaidi.

Kijana wa kinanda ndiye aliyegundua. Akaniomba nipige nota yangu ya kwanza, mimi peke yangu. Nikapiga. Akamgeukia Madam akamweleza kwamba nimeshusha, akabonyeza kitufe chake cha kupandisha na kushusha, kile ambacho wapiga vinanda wa makanisani hawawezi kuishi bila hicho, akaniambia, "Njoo sasa, dada." Tukapiga kuanzia juu hadi chini. Ilitoka vizuri. Hata mimi niliisikia kwamba ni nzuri, na si kawaida yangu kujisikia hivyo. Watu wakapiga makofi.

Madam hakupiga makofi. Alisema, "Umepiga vizuri kuliko wote. Lakini hujasoma nilichokupa."

Alieleza kwa upole, tena kwa wote. Alisema hata yeye alikulia kwaya, anaijua hiyo shusha pandisha, na haoni kosa lake. Ila siku tutakapokaa wengi, kila mmoja na karatasi yake, hakutakuwa na mtu wa kututolea do kwa mdomo. Kila mtu akishusha anapotaka, hakuna wimbo. Kisha akaanza kumwangalia anayefuata, na nikaona basi ndiyo imeisha. Nikaona mahindi.

Hapo nilisema kitu. Naandika hivi kwa sababu bado kinanishangaza. Nilisema, "Madam, naomba niupande ule uzi mwembamba."

Sauti yangu ilitoka ndogo, akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Sasa hivi?" akauliza. "Mbele ya hawa?"

"Ndiyo, Madam."

Kijana akarudisha kitufe chake. Nikahamia juu. Nilijua vidole ni vilevile, lakini mkono ulikuwa haujazoea, na ule uzi mwembamba ukalia ukumbi mzima. Nota mbili zilitoka kombo kabisa. Katikati upinde uliteleza ukatoa mlio ambao hauna jina. Nikasikia Msukuma akisema taratibu, "Twende, Ndama, twende," kama anaswaga kweli. Nikaenda. Tulifika mwisho pamoja na kinanda.

Hakuna aliyepiga makofi mara hii. Madam akasema, "Hii mbaya ndiyo niliyoitaka," akaniambia nifunge fidla kwenye kasha lake na nisiisahau juani.

Msukuma naye alifaulu, akapewa fidla ya jozi nyingine iliyoshindwa. Wale wawili waliondoka bila kuaga.

Jioni shangazi alimpigia baba. Aliongea naye Kihehe kwa muda mrefu, akitembea huku na huku kati ya mafungu ya vitunguu, akicheka mahali ambapo hapakuwa na cha kuchekesha. Baba hakukasirika. Alisema atatafuta mtu wa kumsaidia kuvuna. Aliuliza swali moja tu, kama hiyo fidla inapigwa kanisani. Shangazi akajibu kwamba inapigwa.

Bado haijapigwa.