Alhamisi za Bi Mkubwa

Ulikuwa ule mwaka ambao Jang'ombe nzima tulikula mchele wa mapembe, ule wa bei rahisi, na dagaa, na aliyepata kipande cha nguru alifunga mlango akipika. Kompyuta zilikuwa zishaingia mjini, lakini basmati tuliiona harusini.

Mwaka huo mjukuu wangu alirudi kutoka Dar es Salaam alikokwenda kusomea hizo kompyuta, akaja na wenziwe wawili, wakaufanya ukumbi wangu ofisi. Walikuwa wakitengeneza programu ya nyumba ya wageni ya mama mmoja wa Kiarabu, kule Mji Mkongwe. Mjukuu huyu nimemlea mie tangu anatambaa. Sikuwa na elimu ya kumpa, nilimpa sindano, nikamfundisha kushona kofia. Nikajua mwalimu wake ni mie, hakuna mwengine.

Wakaanza na kituko. Kila asubuhi husimama duara katikati ya ukumbi, viti vitupu, kila mmoja aseme jana kafanya nini, leo atafanya nini, na kipi kimemkwamisha.

"Karibuni mkae, jamani," nikawaambia. Mgeni kusimama nyumbani mwangu ni kunitukana.

"Tunasimama makusudi, Bibi. Tukikaa maneno yatakuwa marefu."

Jirani akachungulia dirishani. "Shoga, viti umeuza?"

Nikaleta kahawa na visheti ili wakae. Walikula wamesimama.

Hilo nililimeza. Kilichonichoma ni Alhamisi. Kila Alhamisi mjukuu wangu hubeba kazi ambayo hata haijaisha, akamwoneshe yule mama. Wao humwita Bi Mkubwa. Mie niliyemlea, nikaosha nepi, nikamtoa upele, mie ni Bibi tu.

Kuna picha moja ya vyumba vya wageni, ya kwenye kompyuta, waliipamba rangi tele, mpaka macho yakawa mekundu. Alhamisi akaenda nayo, akarudi anacheka.

"Bi Mkubwa kaikataa, Bibi! Kasema, 'Nzuri, mwanangu, lakini mie nnataka kujua chumba kipi kitupu, mgeni akiwa mlangoni na begi lake.' Tunaifuta."

"Mnaifuta? Na kazi yote ile?"

"Bora tumejua mapema. Hatuangalii tumemaliza vingapi, Bibi. Tunaangalia kipi kimemfaa."

Anacheka! Mtoto huyu huyu, nilipomfumulia kofia yake ya kwanza kwa kuwa maua yamekwenda upande, alininunia mpaka siku ya pili, na uji hakunywa. Leo mwanamke wa watu anamfumulia, anashukuru. Kwangu machozi, kwake meno nje. Wivu ulinikaa kooni kama mwiba wa changu.

"Na amekupikieni nini huko?"

"Sambusa."

Jumatano nikakaanga sambusa, nyama tupu, hakuna kitunguu cha kujazia. Akala, akalamba vidole. "Tamu, Bibi. Za Bi Mkubwa zina iliki kidogo."

Iliki! Nusura nimpige mwiko.

Programu ilipokuwa inafanya kazi sawasawa, akaja kunikalia miguuni.

"Bibi, Bi Mkubwa katuandalia chakula, na anakutaka wewe hasa. Aliniuliza nani kanizoesha kufumuliwa kazi nisinune. Nikamwambia nimelelewa na mshona kofia."

Asinune! Kununa kwake nnakujua mie. Lakini moyo ulinifutuka, nikatamani arudie. Nikafungua kabati, nikaitazama kanga yangu mpya, nikalifunga.

"Siendi, na salamu zangu usimpelekee."

Akenda bila ya mie. Jioni akarudi na bakuli limefunikwa kawa. Pilau ya basmati, kila punje imejitenga na mwenzake. Nikaila nimesimama, isije ikaonekana nimekaribishwa. Nikatafuta kasoro, nikaitafuta mpaka bakuli likaisha.

"Anauliza imekosa nini," mjukuu wangu akasema. "Kasema mshona kofia hakosi la kusema. Anataka ajue, ili Alhamisi apike tena na wewe uwepo."

Nilijua ilichokosa. Ulimi uliniwasha. Lakini anayetaka kujifunza kwangu aje Jang'ombe, akae kitini.

"Siendi, na salamu zangu usimpelekee."