Kokoto za Matumbawe

Siku yangu ya kwanza katika hoteli ile ya Bugolobi, Fundi Mkuu alinitia kokoto nyeupe kiganjani.

"Omondi, hizi ni matumbawe makavu. Zikiwa laini kama mchanga, maji hayapiti. Zikiwa kubwa kama mayai, zinayeyuka polepole mno. Chagua za kadiri ya maharage."

Mimi nilikuwa fundi bomba niliyevuka mpaka kutoka Kisumu. Sikujua kwamba matumbawe ni viumbe hai, hujijengea mifupa kwa chokaa iliyomo majini. Ndani ya tangi la kioo, kama lile lililopamba ukumbi wa hoteli yetu, chokaa hiyo huisha. Basi tulikuwa na mtungi mrefu wa kokoto, tukipitisha humo maji ya tangi pamoja na gesi ile inayotia soda mapovu. Maji hugeuka makali kidogo, huzilamba kokoto, kisha hurudi tangini tone kwa tone yakiwa na chokaa.

Mwaka mmoja shehena ya kokoto ilikwama njiani. Mtungini likabaki tope, na matumbawe yakaanza kupauka. Meneja, mama Mkenya mkali mwenye moyo laini, akaleta gunia la mawe ya chokaa ya ujenzi.

"Si chokaa ni chokaa tu, sebo?" akamuuliza Fundi Mkuu, akimwita "bwana" kwa lugha ya wenyeji.

Tuliyajaribu kwanza kwenye ndoo. Maji yakajaa fosfeti, mbolea ya mwani.

"Tukiyatia haya, tangi litakuwa shamba," Fundi Mkuu akamwambia.

"Kwa hiyo matumbawe yafe nikiyatazama?" Meneja akageuka, akajifuta macho.

Kesho yake Hajati, mke wa Fundi Mkuu, alikuja kutoka nyumbani kwao Makindye na bonge la tumbawe ndani ya kanga. Marehemu baba yake alimpa alipoolewa, nalo lilipamba kabati lake tangu hapo.

"Hilo hapana," mzee wake akasema. "Ni la baba yako."

"Baba angekuwepo angelivunja mwenyewe. Leteni nyundo."

Tulilivunja, tukalichekecha, tukalisuuza mpaka maji yakatoka safi. Mzee mwenyewe akazimimina kokoto hizo mtungini. Baada ya majuma kadhaa rangi ya zambarau ikaanza kurudi kwenye ncha za matumbawe, na Meneja akapiga vigelegele mbele ya wageni.

Nilimrithi mzee kazini mpaka nilipostaafu. Watu huniuliza mbona sikurudi Kisumu. Nirudi kwa nani? Mzee aliyenigombeza kwa kokoto chafu amezikwa hapa, na kila Idi Hajati hakubali pilau iguswe kabla sijafika.